Dirisha la sauti la Windows: je, linaweza kuipa kila programu mlio wake?

Dirisha la sauti la Windows 11 ni sehemu ya kompyuta ya nyumbani ambayo watumiaji wengi hawajawahi kuifungua, na waliowahi kuifungua aghalabu waliingia humo kwa nia ya kunyamazisha kila kitu. Nimelichunguza kwa nia iliyo kinyume na hiyo. Nilitaka kujua kama mtu aliye chumba cha pili, au aliyeipa skrini kisogo akishughulika na jambo jingine, anaweza kusikia mlio na papo hapo akatambua ni programu gani inayomwita, na kama wito wenyewe unamlazimu kuinuka au unaweza kungoja. Hicho ndicho kipimo nilichotumia katika tathmini hii yote, wala sikujishughulisha sana na swali la kama milio hiyo inapendeza masikioni.

Kulifikia dirisha lenyewe kunahitaji subira kidogo. Mtumiaji huingia kwenye mipangilio ya mfumo, akafungua ukurasa wa sauti, akashuka hadi karibu na mwisho wake na kubofya mstari unaoelekeza kwenye mipangilio zaidi. Ndipo linapojitokeza dirisha dogo lenye vichupo vinne, na kichupo cha tatu ndicho kinachobeba milio ya programu. Njia ya mkato ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha kuandika mmsys.cpl na kubonyeza Enter, na ni afadhali kuikariri, kwa sababu kila toleo jipya la Windows hupenda kuhamisha mstari ule mahali pengine. Sura ya dirisha hili ni ya miaka mingi iliyopita. Desturi ya kulipa tukio la kompyuta faili lake la sauti ilikuwamo katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, na faili za enzi hiyo, yaani chimes, chord, ding na tada, bado zimo ndani ya folda ya C:\Windows\Media hadi leo. Sioni ubaya wowote katika uzee huo. Dirisha hufunguka mara moja, halihitaji akaunti wala intaneti, na kila kilichomo kinaeleweka kwa kukitazama.

Katikati yake kuna orodha ya matukio: kifaa kuunganishwa, kifaa kuondolewa, betri kupungua, betri kukaribia kwisha kabisa, barua pepe mpya, kikumbusho cha kalenda, onyo, kosa kubwa, dirisha kupanuliwa au kupunguzwa, pipa la taka kumwagwa. Tukio lenye mlio huonyesha alama ndogo ya spika kando yake, na lisilo na mlio huachwa tupu. Ukilichagua tukio, chini yake unapata orodha ya sauti zilizopo, kitufe cha kujaribia na kitufe cha kutafutia faili lako mwenyewe. Hakuna zaidi ya hapo, na urahisi huo ni sifa kubwa, kwani hata mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta anaweza kuelekezwa kwa simu na akafanikiwa.

Kasoro ya kwanza huonekana pale mtu anapochukua muda kubofya tukio moja baada ya jingine na kusoma jina la faili lililopangiwa. Katika mpangilio unaokuja na Windows, mlio wa kawaida wa mfumo, mlio wa taarifa, mlio wa onyo na mlio wa betri iliyopungua yote hutumia faili moja, Windows Background.wav. Kosa kubwa na betri inayokaribia kuzima nayo hushirikiana faili jingine, Windows Foreground.wav. Maana yake ni kwamba kompyuta mpakato iliyoachwa mezani bila chaja inapolia kwa ajili ya betri, hutoa sauti ileile inayotoa programu inapouliza kama ungependa kuhifadhi faili. Sikio haliwezi kutofautisha mambo mawili yaliyopewa sauti moja, hata likizoezwa vipi. Nadhani hii ndiyo sababu hasa inayowafanya watu wazime milio yote: si kwamba milio ni mingi mno, bali ni kwamba michache iliyopo haisemi lolote mahususi.

Kwa bahati nzuri dawa yake imo mlemle dirishani, nayo ni rahisi. Mabadiliko mawili tu yanatosha kukupa faida utakayoiona siku hiyohiyo. La kwanza ni kulipa tukio la betri iliyopungua mlio usiotumika mahali pengine popote. Ndani ya folda ya Media mna sauti zilizokusudiwa kengele za saa ya kuamsha na miito ya simu, na mojawapo ya hizo hufaa sana kwa kazi hii. La pili ni kukazia tukio la kifaa kuondolewa. Mtu anayehifadhi nakala za picha zake kwenye diski ya nje anaelewa hatari ya waya uliolegea: diski hukatika, huunganika tena, hukatika tena, na nakala hubaki nusunusu bila mwenyewe kuwa na habari. Mlio unaokuja na Windows kwa tukio hili ni noti mbili laini zinazoshuka, na mwenzake wa kuunganishwa ni noti mbili zinazopanda. Tofauti hiyo ni ya busara kwa aliyeketi mbele ya kompyuta, lakini kwa aliye mbali sauti zote mbili hufifia na kufanana. Ukiliwekea tukio la kuondolewa sauti kavu na nzito, kama ya mlango wa mbao kufungwa, huhitaji tena kuja kutazama. Ukiisikia ilhali hukuchomoa kitu, unajua mara moja kwamba waya umecheza.

Mpaka hapo dirisha linastahili sifa. Tatizo kubwa zaidi linakuja tunapotoka kwenye matukio ya mfumo na kuingia kwenye programu zenyewe, ambazo ndizo hasa mtu angetaka kuzitofautisha. Programu nyingi za siku hizi hazilii zenyewe. Hutuma arifa kwa Windows, na Windows ndiyo inayoonyesha kile kisanduku pembeni mwa skrini na kupiga mlio. Mtengenezaji wa programu kwa kawaida huchagua katika sauti chache zilizowekwa tayari: ya kawaida, ya ujumbe wa papo hapo, ya barua pepe, ya kikumbusho, na nyingine chache zinazorudiarudia kwa ajili ya kengele na simu. Mtumiaji akiingia kwenye ukurasa wa arifa na kuchagua programu fulani, anachopewa ni uwezo wa kuwasha au kuzima sauti yake. Hakuna mahali pa kusema kwamba programu hii ilie hivi na ile ilie vile. Katika lile dirisha la zamani unaweza kubadilisha tukio la arifa, lakini ukilibadilisha, programu zote zinazotumia sauti ya kawaida hubadilika kwa pamoja. Programu ya mazungumzo, programu ya kinga dhidi ya virusi na kivinjari vyote vinaweza kuja na sauti moja, na tumerudi palepale.

Hili ni pengo lisilo na udhuru. Simu za Android zimezoea kwa miaka mingi kumruhusu mwenyewe kuchagua mlio kwa kila programu, na Windows yenyewe inajua vizuri arifa imetoka wapi, kwa kuwa huandika jina la programu juu ya kisanduku. Kilichokosekana ni mstari mmoja tu wa mipangilio, na kukosekana kwake kunaifanya kazi nzuri iliyofanywa tangu mwaka 1992 isimfikie mtu pale anapoihitaji zaidi.

Ipo njia ya pembeni ya kale, inayofaa kwa baadhi ya programu za muundo wa zamani wa Windows. Orodha inayoonekana dirishani husomwa kutoka kwenye sajili ya Windows, yaani hazina ambamo mfumo huweka mipangilio yake, chini ya HKEY_CURRENT_USER\AppEvents\Schemes\Apps. Mtu akiunda humo ufunguo wenye jina la faili la programu bila kiambishi cha .exe, na ndani yake funguo mbili ziitwazo Open na Close, programu hiyo hujitokeza kwenye orodha ya matukio ikiwa na mistari yake yenyewe, na inaweza kupewa mlio wa kufunguka na mlio wa kufungika. Ni jambo la kupendeza kuona programu ya kuandikia matini ikipata makao yake katika orodha. Lakini manufaa yake ni madogo kuliko linavyoonekana, kwa sababu kufunguka na kufungika kwa programu ni mambo unayoyafanya mwenyewe ukiwa mbele ya skrini, wala hayahitaji kutangazwa. Isitoshe, sajili si mahali pa kuchezea: kabla ya kugusa chochote humo ni lazima kuhifadhi nakala ya sehemu inayobadilishwa. Sitamshauri mtumiaji wa kawaida apite njia hii.

Penye nafuu zaidi ni ndani ya programu zenyewe, kwa zile ambazo watengenezaji wake walifikiria jambo hili. Thunderbird, programu ya barua pepe, ni mfano mzuri: katika mipangilio yake ya jumla, kwenye sehemu ya barua zinazoingia, mtu anaweza kuchagua faili lake la sauti badala ya mlio wa mfumo, na barua pepe ikapata sauti isiyofanana na kitu kingine chochote. Outlook ya zamani ya mezani huenda mbali zaidi kwa upande mmoja, kwa kuwa kanuni za kupanga barua zinaweza kuamriwa kupiga sauti fulani barua inapotoka kwa mtu fulani. Barua ya mwajiri ikalia kivyake na matangazo yakaingia kimyakimya. Sharti lake ni kwamba programu iwe imefunguliwa, kwa sababu kanuni ya namna hiyo hutekelezwa na kompyuta yenyewe, si na seva. Kwa kipimo nilichokieleza mwanzoni, hii ndiyo huduma bora kabisa niliyoikuta upande wa Windows, maana mlio haukomei kusema programu gani inayoita bali unasema pia nani anayeita.

Suala la faili zenyewe linastahili kuangaliwa kwa undani, kwani hapa ndipo watu wengi hukwama. Dirisha la Windows hupokea faili za aina ya WAV peke yake. MP3 haikubaliki, na mtu aliyepakua sauti nzuri ya MP3 hatakuta njia ya kuiweka mpaka aigeuze. Audacity, ambayo ni programu ya bure ya kuhariri sauti, hufanya kazi hiyo kwa hatua chache: unafungua faili, unakata sehemu unayoitaka, unaihifadhi kama WAV ya biti 16. Lakini kugeuza aina ya faili ni nusu tu ya kazi. Mlio wa programu unapaswa kuwa mfupi, wa sekunde moja au mbili, na mwisho wake ufifizwe badala ya kukatwa ghafla, kwa sababu sauti iliyokatwa ghafla huacha mgoto mdogo unaokera kila unaposikika. Kiwango cha sauti nacho kisawazishwe. Faili zilizokusanywa kutoka sehemu mbalimbali hutofautiana mno kwa nguvu, na moja yenye kishindo huweza kumshtua mtoto aliyelala ilhali nyingine haisikiki hata kidogo. Audacity ina amri ya kusawazisha kilele cha sauti, na kuzipitisha faili zote kwenye kiwango kimoja, tuseme desibeli 12 chini ya upeo, hupunguza sana tatizo hilo.

Kuna jambo jingine dogo linalowasumbua wengi bila wao kujua chanzo chake. Spika za Bluetooth, na mara nyingi spika za runinga zilizounganishwa kwa waya wa HDMI, hulala pasipokuwa na sauti kwa muda, na huchukua kitambo kidogo kuamka sauti inapokuja. Wimbo wa dakika kadhaa haupotezi kitu kwa kuchelewa huko, lakini mlio wa nusu sekunde unaweza kumezwa wote, na mtu akadhani kwamba mpangilio wake haukuhifadhiwa. Tiba yake ni kuongeza kimya cha takriban nusu sekunde mwanzoni mwa faili. Sekunde hiyo nusu ya kimya huwa ndiyo inayoamsha spika, kisha mlio wenyewe ukatoka mzima.

Kuhusu aina ya sauti ya kuchagua, maoni yangu ni haya. Milio ya juu sana, ile inayofanana na filimbi nyembamba, iepukwe kwa mambo ya lazima. Uwezo wa kusikia sauti za juu hupungua kadiri umri unavyosonga, na sauti hizo pia huzuiwa kwa urahisi na kuta na milango. Sauti za kati hupenya zaidi na kumfikia kila mtu wa nyumbani. Vilevile tofauti kati ya mlio na mlio itokane na mdundo na aina ya ala kuliko na kimo cha noti: bisho mbili kavu, kengele moja ndefu, uzi wa gitaa. Watafiti wa mawasiliano kati ya binadamu na kompyuta walilishughulikia swali hili zamani. Katika miaka ya 1980 William Gaver alitetea sauti zinazofanana na vitu halisi, na mwaka 1989 Meera Blattner na wenzake wakaandika kuhusu vipande vifupi vya muziki ambavyo mtumiaji hujifunza maana yake. Kwa nyumbani mimi naegemea upande wa Gaver, kwa sababu sauti ya kitu halisi haihitaji kufundishwa kwa kila mgeni anayetumia kompyuta, ingawa kwa barua pepe na mazungumzo kipande kifupi cha muziki huvumilika zaidi kinaporudiwa mara nyingi kwa siku.

Gaver ananipeleka kwenye lawama yangu kubwa ya pili. Katika jaribio alilolifanya alipokuwa akishirikiana na Apple, alitengeneza toleo la Finder, programu ya Apple ya kupangia faili, ambamo kunakili faili kulisikika kama kimiminika kinachomiminwa chomboni, na sauti ikapanda kadiri kazi ilivyokaribia kwisha. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1989. Leo, katika orodha ndefu ya matukio ya Windows 11, hakuna tukio la kukamilika kwa kunakili faili. Unaweza kulipa mlio tukio la menyu kujitokeza, jambo linalotokea mbele ya macho yako kwa amri yako mwenyewe, lakini huwezi kuambiwa kwamba video zako zote zimemaliza kuhamia kwenye diski ya nje, kazi inayoweza kuchukua saa nzima na ambayo hakuna mtu anayeketi kuitazama. Anayengoja ule mstari wa kijani wa maendeleo ujae analazimika kurudi na kuchungulia mara kwa mara, na kazi ya mlio ilikuwa kumwondolea usumbufu huohuo.

Wanaotumia kisoma skrini cha NVDA, ambacho ni cha bure na kilikusudiwa wasioona, wana bahati katika hili kuliko sisi wengine. NVDA inaweza kuamriwa itoe vilio vifupi kila mwambaa wa maendeleo unaposogea, na kimo cha vilio hivyo hupanda kadiri asilimia inavyopanda, hata mtu akajua kwa sikio kazi imefika wapi. Ni wazo lilelile la Gaver kwa umbo jingine, na linathibitisha kwamba Windows yenyewe ingeweza kulitekeleza bila shida. Vilevile ndani ya mipangilio ya ufikivu wa Windows, yaani ile ya kuwasaidia watu wenye ulemavu, kuna huduma ya kulia kila kitufe cha Caps Lock kinapobonyezwa, mlio wa juu kinapowashwa na wa chini kinapozimwa. Naipendekeza kwa yeyote anayeandika akitazama kibodi, kwa maana ni miongoni mwa milio michache ya Windows inayokidhi kipimo changu bila kurekebishwa lolote.

Wapenzi wa mlio wa kuwashia kompyuta watasikitika kidogo. Windows 95 ilikuja na mlio uliotungwa na Brian Eno, na kwa matoleo kadhaa baada yake mlio huo uliweza kubadilishwa na mtumiaji. Windows 8 ya mwaka 2012 ilikuja na mlio huo ukiwa umezimwa, na ikaondoa katika orodha matukio ya kuingia, kutoka na kuzima. Windows 11 imeurudisha mlio wa kuwasha, ila dirishani kuna kisanduku cha kuuwasha au kuuzima tu; hakuna nafasi ya kuweka wako. Kwangu hilo si hasara kubwa, kwa sababu anayewasha kompyuta anajua kwamba ameiwasha.

Ulinganisho na mifumo mingine unaiweka Windows katikati. Kwenye macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, kuna mlio mmoja wa tahadhari kwa mfumo mzima, unaochaguliwa katika orodha fupi, na anayetaka wa kwake huweka faili la AIFF ndani ya folda ya Sounds iliyo katika Library yake. Nguvu ya sauti ya tahadhari ina kitelezi chake kando na ile ya muziki, jambo la busara, na Finder hulia inapomaliza kunakili faili, jambo ambalo Windows ingeliiga kesho. Lakini kwa programu za kawaida, arifa zina swichi ya kuwasha na kuzima sauti tu, sawa na kule Windows, na orodha ya matukio kama ile ya dirisha letu haipo kabisa. Programu ya barua ya Apple huruhusu mlio wake pamoja na kanuni zenye milio, na karibu yote yanaishia hapo.

Aliyefanya kazi hii kama inavyotakiwa ni KDE Plasma, mojawapo ya maeneokazi ya mfumo wa Linux. Katika mipangilio yake ya arifa, programu zilizojengwa kwa mfumo huo zimeorodheshwa kwa majina, na ukiifungua moja unakuta matukio yake yenyewe, kila moja likiwa na nafasi ya kuwekewa faili la sauti na nafasi ya kuamua kama kisanduku kionekane au kisionekane. Hapo unaweza kusema kwamba ujumbe mpya ulie na kosa la kuunganisha lisilie, ndani ya programu hiyohiyo moja. Upungufu wake ni kwamba programu zilizotoka nje ya familia ya KDE, vikiwamo vivinjari vingi, hazijitangazi kwa undani huo, hivyo nazo hubaki na mipangilio michache ya jumla. Hata hivyo, kwa kipimo cha tathmini hii, KDE ndiyo inayoongoza kwa mbali. GNOME, eneokazi jingine la kwenye Linux, humpa mtumiaji sauti chache za tahadhari achague moja, basi.

Nirudi kwenye Windows kwa mambo mawili ya kiutendaji ambayo anayeanza leo anapaswa kuyajua kabla hajapoteza kazi yake. Baada ya kupanga milio yote, ni lazima abofye kitufe cha kuhifadhi mpangilio kwa jina lake mwenyewe. Asipofanya hivyo, siku atakayobadilisha mandhari ya skrini, milio yake inaweza kufutwa na kuwekwa ile inayokuja na mandhari mapya, kwa kuwa Windows huihesabu milio kama sehemu ya mandhari. Katika Windows 11 hata mandhari meupe na meusi yana seti tofauti za sauti. Mpangilio uliohifadhiwa kwa jina hurudishwa kwa kuuchagua tena katika orodha iliyo juu ya dirisha. Pili, dirisha halinakili faili la sauti, bali hukumbuka mahali lilipo. Mlio uliochaguliwa kutoka kwenye folda ya vipakuliwa utanyamaza siku folda hiyo itakaposafishwa, na Windows haitatoa onyo lolote. Faili zote za milio ziwekwe katika folda moja isiyoguswa, na folda hiyo iingizwe katika nakala za akiba pamoja na nyaraka nyingine.

Kwa nyumba yenye mtu asiyesikia vizuri, mipangilio ya ufikivu ya Windows ina uwezo wa kuweka mwangaza mahali pa mlio: skrini nzima, au dirisha lililo wazi, au upau wake wa juu, humemeta sauti ya tahadhari inapopigwa. macOS nayo ina huduma ya aina hiyo. Mwangaza huo hausemi ni programu gani iliyoita, kwa hiyo kasoro ya milio inayofanana inamwandama hata asiyeisikia. Windows ikija kuongeza uchaguzi wa mlio kwa kila programu, ingefaa iongeze pamoja nao uchaguzi wa rangi ya mwangaza kwa kila programu, kwa sababu haja ya wote wawili ni moja.